Mkubwa Yuko Ndani

3 Februari

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Barua huanza kwa kuulizana afya, lakini kumuuliza afya mtu anayeshinda hospitalini naona ni kama kumuuliza muuza chumvi kama mboga yake imekolea. Kwa hiyo naanza na shida yangu.

Shule yetu imeingia kwenye shindano la insha. Mada ni "Ukubwa wa kweli katika maisha ya mtu". Wenzangu wa kidato cha tatu wamekimbilia marais na majenerali. Mimi nimeona niandike juu ya mtu wa damu yangu. Nimekuchagua wewe.

Usicheke. Hapa nyumbani ukubwa wako ni kama paa. Hatulitazami kila siku, lakini wote tunalala chini yake. Baba bado anasimulia alivyokuja kukutembelea miaka sita iliyopita. Anaigiza mpaka sauti ya mlinzi wa getini: "Unamtaka nani? Mkubwa? Mkubwa yuko ndani, ana kazi nyingi, msubiri hapa." Anasema hata daktari mwenye koti jeupe alipita akauliza, "Mkubwa ameshafika?" Siku hiyo ulimpokea pale pale getini, ukampeleka kula, mkaagana kituo cha basi. Ofisi yako hakuiona, ila aliyoyasikia yalimtosha. Aliporudi aliwaambia mafundi wote wa karakana, "Sisi tumezaliwa wawili. Mmoja ni Mkubwa wa hospitali, mwingine ndiye huyu mnayemwona anapiga randa."

Naomba unijibu: kazi yako hasa ni ipi? Una watu wangapi chini yako? Na je, mtu huanza lini kuwa mkubwa?

Jambo la pili ni la mama. Macho yanamsumbua. Akitazama taa anaona duara la rangi limeizunguka, na kwenye cherehani analamba uzi mara tano kabla haujaingia sindanoni. Tabibu wa zahanati anasema ni presha ya macho, ugonjwa usiongoja. Amempa kadi, namba 41, aonwe na madaktari wa macho wanaopita huku mara mbili kwa mwaka. Watafika tarehe 12 Machi. Baba alipoiona kadi aliguna. "Arobaini na moja! Shemeji yake Mkubwa apange foleni nyuma ya watu arobaini?" Amesema nikuulize utampangia lini huko kwako.

Nakutumia makubazi. Ameyatengeneza jirani yetu fundi viatu, yule mwenye utani. Ametoboa upande kwa ajili ya kidole gumba chako kilichopinda, na kwa kuwa ngozi nyeusi ilimwishia, ukanda wa kushoto ni mwekundu. Uvumilie.

Baba anakusalimu. Angeandika mwenyewe, ila anasema miwani yake imevunjika. Sisi tunajua kwamba miwani haijawahi kuwepo. Barua zako zote ninawasomea mimi.

Mwanao,
Kalamu


15 Februari

Mwanangu Kalamu,

Marahaba. Makubazi yamefika. Mwambie fundi viatu kwamba kidole changu kimepata dirisha na sasa kinatazama dunia. Ukanda mwekundu wenzangu wameucheka mpaka wamechoka, lakini siyavui.

Umeuliza kazi yangu. Sipendi kujisifu, nitakuambia machache. Hospitali ina wodi kumi na tano, na hakuna wodi inayoanza siku bila mimi. Madaktari wa upasuaji, pamoja na elimu yao yote, hawamgusi mgonjwa mpaka nilichonacho kitoke mikononi mwangu. Nina watu wanne chini yangu. Mahali pangu pana joto na kelele, na simu haisikiki, kwa hiyo msihangaike kunipigia.

Mtu huanza lini kuwa mkubwa? Mimi nilianza siku niliposema neno moja mbele za watu, nao wakalishika. Ipo siku nitakusimulia.

Kuhusu shemeji, nimesikia. Hapa macho yana daktari wake bingwa, na huyo tunaonana kila siku. Nitazungumza naye. Mwambie mdogo wangu atulie. Subirini neno langu.

Soma sana. Ukoo wetu umejaliwa mikono mingi, sasa tunahitaji kichwa.

Baba yako Mkubwa


1 Machi

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Barua yako niliisoma mara mbili kwa sauti, kwa sababu fundi viatu alichelewa na baba hakukubali aikose. Ile sehemu ya madaktari wa upasuaji baba aliniomba niirudie polepole. Fundi viatu akasema, "Kumbe nimemvisha makubazi mtu anayesimamisha visu!" Baba alicheka mpaka akafuta machozi.

Insha nimeimaliza. Mwalimu wa Kiswahili amepigia mstari sentensi hii: "Mtu mdogo hupiga kelele mlangoni ili ajulikane amefika; mtu mkubwa huwafungulia wengine mlango, wala hasemi." Pembeni ameandika "Vizuri!" kwa wino mwekundu. Nilikuwa ninakufikiria wewe nilipoiandika.

Lakini hali ya mama si nzuri. Juzi alishona mkono wa kushoto wa sare ya shule kwenye bega la kulia. Aliyekuja kuichukua alicheka, mama naye akacheka, halafu alipoondoka mama akaifumua kimya kimya kwa kupapasa.

Jana walibishana na baba. Nakuandikia walivyosema, kwa sababu inakuhusu.

"Mwambie shemeji asijisumbue," mama alisema. "Kadi ninayo. Nitapanga foleni kama watu."

"Utamwaibisha kaka yangu."

"Aibu haijawahi kumpofusha mtu."

"Tuna mtu wetu, kwa nini tuwabanie wasio na mtu? Nipe hiyo kadi."

Akairudisha zahanati. Tabibu amesema ataishika mpaka tarehe 10, baada ya hapo anampa mwingine. Baba Mkubwa, nahitaji neno lako kabla ya siku hiyo. Neno moja tu, ndiyo au hapana. Ukisema hapana, mimi mwenyewe nitakwenda kuichukua kadi, na baba nitamweleza vizuri.

Mwanao,
Kalamu


9 Machi

Kalamu,

Nampa dereva wa basi barua hii ili ikufikie kesho asubuhi.

Jibu ni ndiyo. Nimezungumza na daktari bingwa ana kwa ana. Nakunukulia maneno yake: "Sawasawa, Mkubwa, tutaona." Kadi iacheni. Nitawaambia siku ya kuja.

Baba yako Mkubwa


2 Mei

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Nimekuandikia mara mbili tangu Machi na sijapata jibu. Baba anasema wakubwa wana mambo mengi. Amesema hivyo mara nyingi hata mama ameacha kumwitikia.

Madaktari wa macho walifika tarehe 12 kama walivyoahidi. Namba 41 alipewa bibi mmoja wa mtaa wa nyuma. Wiki iliyopita nilimkuta dukani akisoma tarehe kwenye kalenda ya ukutani, kwa sauti, ili kila mtu asikie kwamba anaona.

Jicho la kulia la mama limezima. La kushoto linaona katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Cherehani ameifunika kwa khanga.

Insha yangu imekuwa ya kwanza. Nimepewa kamusi nene yenye jina langu ndani. Siku ya kutoa zawadi ni tarehe 9 Agosti, nami nitaisoma mbele ya wazazi. Mwalimu mkuu anataka uje uwe mgeni rasmi. Zamani habari hii ningeianza kwenye mstari wa kwanza.

Tunakuja tarehe 14 Mei, mimi na mama. Baba ana kazi ya madawati ya shule, hawezi kuondoka. Hata ukiandika tusije, tutakuja.

Mwanao,
Kalamu


20 Mei

Baba Mkubwa,

Shikamoo.

Tulifika. Nadhani unajua.

Mlinzi wa getini alituuliza, "Mnamtaka nani?" Nikasema, "Mkubwa." Alicheka, lakini si kwa ubaya. "Mkubwa! Zungukeni nyuma, mshuke ngazi, halafu mfuate harufu ya sabuni." Mama alikuwa amenishika bega. Kwenye ngazi akaniuliza, "Mbona ofisi ya shemeji inanukia sabuni?" Nikamwambia, "Ni usafi, mama."

Juu ya mlango pameandikwa KUFULIA. Ndani mlikuwa na mvuke, mashine mbili zinanguruma, na watu wanne wanakunja mashuka wawili wawili. Mmoja alipotuona akapaza sauti: "Mkubwa! Una wageni!"

Hukuitika. Shuka moja tu kwenye kamba lilitikisika, na humo chumbani hamna upepo. Chini ya shuka niliona miguu miwili. Makubazi, ukanda mweusi kulia, ukanda mwekundu kushoto, na kidole dirishani.

Wenzako walitazamana. Dada mmoja akasema, "Ametoka kidogo." Alisema akinitazama mimi, siyo mama. Mama akageuka akatabasamu, na alikuwa amelielekea lile shuka lako bila kujua. Akaliambia, "Basi mwambieni shemeji yake alipita. Mwambieni hakuna neno."

Tulipanga foleni siku mbili. Daktari wa macho ni mpole. Alimulika, akapima, akamulika tena. Alisema mshipa wa jicho la kulia umekufa na wa kushoto hauna muda mrefu, na kilichokufa hakirudi. Matone aliyompa ni ya kulinda mwanga mdogo uliobaki, wa kujua mchana na kujua mlango. "Mngemleta Machi," alisema, "tungelizungumza jingine." Nilimuuliza kama Mkubwa aliwahi kumwambia habari zetu. Alifikiri sana, akajitahidi kabisa. Kisha akauliza, "Mkubwa wa nguo?"

Kwenye basi mama alinishika mkono akasema, "Umesikia? Hata wafuaji wanamwita Mkubwa. Ana heshima yake." Nilifungua dirisha.

Sijamwambia mtu. Nakuambia wewe tu: niliiona miguu yako.

Kalamu


6 Juni

Mwanangu,

Mimi ni dobi.

Ni maneno matatu tu. Nimekaa nayo miaka kumi na tisa.

Kila nilichokuandikia Februari ni kweli, na hapo ndipo ubaya wake ulipo. Wodi haianzi siku bila mashuka. Daktari hamgusi mgonjwa bila gauni safi, na gauni linatoka mikononi mwangu. Watu wanne ninao, uliwaona. Sikukudanganya kwa neno hata moja. Nilikudanganya kwa barua nzima.

Uliuliza nilianza lini kuwa mkubwa. Mwaka wangu wa kwanza palikuwa na kipindupindu. Wodi mbili ziligombana juu ya nguo za waliokufa, kila mtu anasema si zake, mzigo umekaa uani nzi wanaruka. Nikasema, "Mkubwa ni jalala, leteni kwangu." Walicheka mpaka wakashika mbavu. Tangu siku ile nikaitwa Mkubwa wa Jalala. Miaka ikapita, jalala likaanguka njiani, Mkubwa akabaki. Sasa wananiita wote, mpaka mkurugenzi, kwa utani na kwa mapenzi.

Mdogo wangu alipokuja nilimkuta getini anang'aa. Nilifungua mdomo nimweleze. Akanishika mabega akasema, "Kaka, laiti baba angekuwa hai akasikia wanavyokuita." Mwanangu, baba yetu alikuwa akiniita gogo. Nikafumba mdomo. Nilisema nitamwambia tukishakula. Kisha nikasema nitamwambia kituoni. Basi likaondoka.

Daktari nilimwambia kweli. Nilimwambia nikimkabidhi gauni lake, naye anatembea kwenda kazini. Alisema "Sawasawa, Mkubwa, tutaona" kama mtu anavyosema siku njema. Nilijua sijapata kitu. Nilirudi kesho yake nikamkuta ana wageni, nikaishia mlangoni. Jioni ile ndipo nilipokuandikia "ndiyo".

Uliniomba neno moja. Hapana nilikuwa nayo tangu Februari. Lilikuwa neno dogo, na mimi nilikuwa nimeshazoea makubwa.

Shemeji aliposema na shuka, nililiuma ili nisitoe sauti.

Wasomee wazazi wako barua hii yote. Mimi uso huo sina.

Dobi


19 Juni

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Barua yako nimewasomea. Ila siyo hiyo uliyoandika.

Baba alikuwa amefunga vifungo vyote vya shati, mpaka cha shingoni, kama anavyofanya kila barua yako inapofika. Mama alikaa kando ya cherehani iliyofunikwa. Fundi viatu alikuja na kigoda chake. Nikaifungua, nikasema, "Mimi ni," halafu nikamtazama baba.

Nikasema, "Mimi ni mwenye huzuni kubwa."

Baada ya hapo maneno yalikuja yenyewe. Nilisema mashine ya kupimia macho iliharibika Machi, na wewe uliagiza nyingine ikachelewa kufika. Nilisema siku tuliyokuja ulikuwa kikaoni na uliposikia ulikimbia mpaka getini. Mwishoni nikasema: "Ugonjwa wa macho haupendi kuchelewa. Siku nyingine mtu wetu yeyote akiugua, asingoje madaktari wa kupita, aje mapema moja kwa moja kwangu." Sijui kwa nini niliongeza hilo. Nadhani niliona barua haina mwisho. Insha zangu zote zina mwisho mzuri.

Baba alilia kidogo. Akasema, "Kaka yangu," basi.

Njoo uyaseme mwenyewe. Uongo huu nimekubebea mara moja na mgongo unaniuma. Njoo tarehe 9 Agosti, mwalimu mkuu amekuwekea kiti. Siyo lazima useme shuleni. Sema nyumbani, jioni, sisi wenyewe tu. Mimi nitakaa karibu yako.

Kalamu


1 Julai

Mwanangu Kalamu,

Marahaba. Nimesoma barua yako nikakaa juu ya gunia la foronya, nikakushukuru. Una busara kuliko umri wako. Umenistiri mimi na umemstiri baba yako.

Nimefikiri sana. Maji yakimwagika hayazoleki, na macho ya shemeji hayatarudi kwa mimi kuitwa dobi. Tuliache hapo ulipoliweka. Umelipanga vizuri kuliko ambavyo mimi ningeweza.

Agosti tuna ukaguzi, sitapata ruhusa. Waambie nina kikao.

Namtumia shemeji mashuka mawili. Nimeyanunua dukani, yasikutie wasiwasi. Pasi nimepiga mwenyewe.

Baba yako Mkubwa


20 Septemba

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Naiandika kwa sababu nimelelewa kuiandika.

Mashuka yalifika. Mama aliyapapasa kwa muda mrefu, akafuata mikunjo kwa kidole mpaka pembeni. "Haya yamepigwa pasi na mtu anayeijua kazi," alisema. "Kona imekutana na kona." Halafu akasema, "Nisomee tena ile barua ya shemeji."

Nilikuwa nimeificha ndani ya kamusi. Nikaikunjua nikaanza. Nilipofika kwenye daktari nikasema alikuwa amesafiri.

"Mwezi wa sita ilikuwa mashine," mama alisema.

"Vyote viwili, mama."

"Karatasi moja, barua mbili." Alinyoosha mkono akanigusa usoni, akapata pua, akaishika kama nilipokuwa mdogo. "Mwanangu, kilichokufa ni macho. Masikio ninayo. Soma."

Nikamsomea. Kisha akasema, "Kumbe ile harufu ya sabuni ilikuwa yake." Halafu akasema maneno ambayo nilimwomba ruhusa nikuandikie, akakubali: "Mwambie ningejua ni dobi ningemheshimu vile vile. Na ningekwenda na kadi yangu."

Nilimuuliza kuhusu baba. Alisema, "Asijue. Ana ndugu mmoja tu, usimmalize." Nikakubali. Nilijiambia mama ndiye mtu mkubwa wa insha yangu, na mimi nilikosea jina tu.

Tarehe 9 Agosti niliisoma ile insha, neno kwa neno kama ilivyokuwa. Kiti chako kilikuwa mstari wa mbele, kimebandikwa karatasi MGENI RASMI. Baba alikaa kiti cha pili yake, ameweka mkono kwenye egemeo lako ili mtu asikikalie. Kila nilipotamka "mkubwa" aligeuka kuwatazama watu wa nyuma. Walipiga makofi. Sikuweza kumtazama mama, ingawa yeye asingeniona.

Alasiri ile tulikaa karakanani kwa baba, bado tumevaa nguo nzuri. Fundi viatu akamwambia baba kwamba na yeye ameanza kuona duara la rangi kwenye taa. Zahanati wamempa kadi, namba 17, madaktari wa kupita wanarudi tarehe 6 Septemba.

"Irudishe hiyo," baba alisema. "Wewe hukuwepo barua iliposomwa? Mtu wetu yeyote asingoje madaktari wa kupita, aende mapema moja kwa moja kwa Mkubwa. Si ndivyo, Kalamu?"

Yalikuwa maneno yangu. Hata koma ilikuwa yangu.

Fundi viatu alikuwa ameshaichomoa kadi mfukoni. "Basi mwambieni anitafutie kitanda cha dirishani," alisema. "Kidole chake nilikipa dirisha, na yeye anilipe dirisha." Baba akacheka. Akanyoosha mkono aipokee kadi.

Nilisema, "Ngojeni." Nilikimbia nyumbani nikarudi na kamusi, barua ikiwa ndani. Nikasoma, "Mimi ni dobi," na safari hii sikumtazama mtu. Nilisoma mpaka kwenye shuka ulilouma, mpaka jina uliloandika chini.

Fundi viatu aliirudisha kadi mfukoni polepole, kama mtu anayeficha kitu alichokiokota. Akabeba kigoda chake akaondoka bila kuaga.

Baba alichukua ubao akaanza kuupiga randa. Haukuwa ubao wa kazi yoyote. Aliupiga mpaka ukawa mwembamba, ukawa kama jani la daftari, ukapasuka. Ndipo akauliza, bila kuinua kichwa:

"Ile ya mwezi wa sita uliisoma wewe."

"Ndiyo, baba."

"Na hii ni mwandiko wa nani?"

"Wa kaka yako."

"Basi," alisema, "nyote wawili mnajua kuandika."

Hilo ndilo neno la mwisho aliloniambia. Ni wiki ya sita sasa. Chakula nikimpa anapokea, akitaka maji anamtuma mama, na mama anakuja anapapasa ukuta kumletea, nami nimekaa pale pale. Mama aliniambia neno moja tu, "Nilikukataza." Ila akitaka kutoka nje, bega analoshika ni langu.

Fundi viatu alikwenda na kadi yake. Wamemtibu, anaona. Hajaja kuniambia, nimesikia kwa watu. Akipita kwetu anatazama upande wa pili, nadhani anamwonea baba aibu. Kigoda chake sasa anakaa nacho mbele ya mlango wake.

Mwalimu anataka insha iingie kwenye jarida la shule, na ameniomba niisahihishe kwa mara ya mwisho. Nimeifungua kamusi yangu kwenye neno "mkubwa". Lina maana nyingi: mwenye umri, mwenye cheo, mwenye kimo. Jalala halimo. Nimeketi na kalamu siku nne. Nadhani ukubwa wote nilioutafuta ungeenea katika herufi sita, h-a-p-a-n-a, zimeandikwa kwa wakati wake na mtu anayeona aibu. Lakini hilo siwezi kuliandika kwenye jarida, kwa sababu baba ataombwa na watu alieleze.

Bado wanamuuliza, unajua. Wanapita karakanani: "Vipi, Mkubwa hajambo?" Baba anajibu, "Hajambo." Hasemi zaidi. Zamani wangekaa saa nzima.

Jana mtu wa posta alisimamisha baiskeli mbele ya nyumba. Baba alikuwa kifua wazi, anapumzika. Aliinuka akavaa shati, akafunga vifungo vyote mpaka cha shingoni, akakaa kwenye kiti chake, mikono magotini, akangoja. Wala hakunitazama, lakini alinisogezea kigoda kwa mguu, kile ninachokalia nikisoma.

Ilikuwa karatasi ya matangazo ya duka.

Hakuvifungua vile vifungo mpaka jioni.

Mtoto wa mdogo wako,
Kalamu